Kizidishi kimefungwa: namna ya kuipandishia kasi prosesa kwa kupitia kloki ya msingi

Kasi ya prosesa ni hesabu ya kuzidisha. Upande mmoja ipo kloki ya msingi, yaani mapigo ambayo ubao mama unayatoa kwa kila kilichochomekwa juu yake. Upande wa pili kipo kizidishi, namba ambayo prosesa huyazidishia mapigo hayo kwa matumizi yake yenyewe. Core 2 Quad Q6600, ambayo ndiyo niliyojifunzia, ina kloki ya MHz 266 na kizidishi 9. Zidisha, unapata MHz 2400. Mwenye prosesa iliyofunguliwa huingia BIOS, yaani mipangilio ya ubao mama inayofunguliwa kabla ya Windows kuwaka, akaibadili namba ya kizidishi, akatoka. Aliyefungiwa anabaki na kloki, na kloki si mali ya prosesa peke yake: RAM inaifuata, njia ya kwenda kwenye chipuseti (chipu za ubao zinazounganisha prosesa na vingine) inaifuata, na kwenye mashine nyingine hata diski na kadi ya picha zinaifuata.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi hii ni kushusha, si kupandisha. Unamwendea kila anayeifuata kloki, unampunguzia mwendo au unamfungia pale alipo, ndipo unaigusa kloki yenyewe. Wengi wanaokwama huwa wamelisahau hilo, kisha wanailaumu prosesa.

Je, yako inakubali?

Pakua programu ya CPU-Z, isome jina la prosesa, jina la ubao mama, kloki na kizidishi. Kisha jitafute hapa.

Core 2 na Pentium za soketi LGA775 ndizo tamu kuliko zote. Kloki yao huitwa FSB, na mbao mama nyingi za kujiundia kompyuta zinakuruhusu kuipandisha kwa MHz moja moja huku PCI Express (njia ya kadi ya picha) ikibaki 100 na PCI (njia ya kadi za zamani) ikibaki 33. Mfano wote wa mwongozo huu ni wa huko.

Core i za kizazi cha kwanza, kama i5-750 na i7-920, zina kloki ya 133 na kizidishi 20. Ukiiweka kloki 160 unapata MHz 3200. Njia ni ileile.

Athlon II na Phenom II zina kloki ya 200. Athlon II X4 640 ni 15 mara 200, yaani 3000. Kwa kloki ya 240 inafika 3600. Ila HyperTransport (njia ya kwenda kwenye chipuseti) na kidhibiti cha RAM vina vizidishi vyao, kwa kawaida 10. Vikiachwa hivyo vitafika 2400, na hapo ndipo mashine inapoganda. HyperTransport ishushe hadi 8, upate 1920. Kidhibiti cha RAM kishushe hadi 9 au 8 kwa kuanzia.

Sandy Bridge ya mwaka 2011 ilifunga mlango. Intel iliweka kloki moja ndani ya chipuseti, na kloki hiyo ndiyo inayoendesha PCI Express, SATA na USB kwa pamoja. Ukitoka 100 ukafika 103 umejitahidi. Zaidi ya hapo diski inaanza kupotea mara ipo mara haipo. Asilimia tatu hazistahili kuhatarisha faili zako, na mimi huwaambia watu waache. Kuna dirisha dogo lililobaki: i5-2400 na i7-2600, zikiwa kwenye ubao wa P67, Z68 au Z77, zinakubali kuongezewa hatua nne juu ya turbo, ile kasi ya ziada ambayo prosesa hujipandishia yenyewe. Turbo ya i5-2400 ni 3400, hivyo inaweza kufika 3800 kiini kimoja (core) kinapofanya kazi. Ivy Bridge iliyofuata ilikuwa hivyo hivyo. Kuanzia Haswell dirisha hilo nalo likafungwa.

Kwenye Skylake kloki ilitenganishwa tena na PCI Express, na mwishoni mwa 2015 na mwanzoni mwa 2016 watengenezaji kadhaa wa mbao mama wakatoa BIOS zilizoruhusu hata zile zisizo na herufi K, yaani zilizofungwa kizidishi. i5-6400 yenye kizidishi 27, kwa kloki ya 150, ni MHz 4050. Intel ikafunga njia hiyo kwa maikrokodi mpya (programu ndogo ya prosesa inayokuja na BIOS), lakini mwenye BIOS ya wakati ule bado anafaidi. Bei yake ni hii: kadi ya picha ya ndani inazimwa, turbo inazimwa, kazi za AVX (maagizo ya hesabu nyingi kwa mpigo) zinakuwa nzito mno, na vipima joto vya viini vinadanganya. Hadithi ikajirudia mwaka 2022 kwa Alder Lake: mbao chache zenye chipu ya kloki ya nje ziliweza kuiendesha i5-12400 kwa 40 mara 125, yaani 5000, na zenyewe zikafungiwa.

Mwenye Ryzen ya mezani karibu kila mara ana kizidishi kilicho wazi, haya hayamhusu. Mwenye laptopu, mara nyingi BIOS yake haina hata mahali pa kuanzia.

Kama prosesa yako ni ya vizazi vya karibuni na njia zote zimefungwa, usiondoke mikono mitupu. Chukua i5-10400: kasi yake ya msingi ni 2900, lakini viini vyote sita vinaweza kukimbia 4000 kwa pamoja iwapo ubao hauzuii umeme kwenye wati 65. Ingia BIOS, tafuta kikomo kinachoandikwa PL1, kipandishe kadiri kipoza chako kinavyomudu. Weka RAM mbili zinazofanana, washa XMP, mpangilio unaoipa RAM kasi iliyotangazwa kwenye stika yake. Hiyo si ovakloki (kupandisha kasi kupita ya kiwandani) kwa maana kamili, lakini faida yake unaiona kwa macho.

Kabla ya kugusa BIOS

Chomoa diski yenye vitu vyako. Simaanishi nakala tu, namaanisha kuchomoa waya. Jaribio lifanye kwa diski nyingine yenye Windows tupu.

Jua namna ya kurudi nyuma. Kwenye ubao kuna pini mbili au tatu zilizoandikwa CLR_CMOS au jina linalofanana nalo. Mashine ikikataa kuwaka, unazima umeme, unachomoa waya wa ukutani, unaziunganisha pini hizo kwa jampa kwa sekunde kumi hivi, na BIOS inasahau yote uliyoiambia. Kama hakuna pini, toa ile betri ya duara ya CR2032, subiri dakika chache. Lifanye mara moja sasa hivi, mashine ikiwa nzima, ili mkono uzoee.

Angalia kipoza. Joto la prosesa linapanda sambamba na kasi, lakini kwa volteji linapanda kwa kipeo cha pili. Ukitoka 2400 hadi 3000 bila kuongeza volteji, umeongeza joto kwa robo. Ukitoka volti 1.25 hadi 1.35 humo humo, joto limefika karibu mara moja na nusu ya lile la mwanzo. Kipoza kidogo kilichokuja na boksi hakitoshi kwa hilo. Pesti ya kijivu kati ya kipoza na prosesa, ikiwa imekauka na kupasuka kama tope la kiangazi, ifute kwa spiriti na upake mpya.

Mwisho, piga picha kila ukurasa wa BIOS kwa simu. Utanishukuru.

Hatua ya 1: pima ilivyo sasa

Usianze kabla hujathibitisha kuwa mashine ni nzima kwa kasi yake ya kiwandani. Endesha Memtest86+, programu ya kuipima RAM, kutoka kwenye flashi hadi imalize mzunguko mzima bila kosa. Kisha endesha Prime95, programu inayoilemea prosesa kwa hesabu, kwa chaguo la Small FFTs kwa nusu saa huku Core Temp, inayoonyesha joto, ikiwa wazi pembeni. Andika joto la juu kabisa uliloliona. Andika pia VID, yaani volteji ambayo kiwanda kiliiandikia chipu yako. Q6600 mbili zilizotoka boksi zinazofanana zinaweza kuwa na VID tofauti, na yenye VID ndogo mara nyingi ndiyo inayopanda kwa urahisi.

Joto likiwa tayari limepita 65 hapa, rudi kwenye kipoza kwanza.

Hatua ya 2: washushe na uwafunge wengine

Hapa ndipo pa kukaa. Ingia BIOS, ukurasa wa ovakloki. Kila kampuni huupa jina lake, lakini utaujua kwa kuona maneno FSB au BCLK (kloki ya msingi) na Vcore (volteji ya prosesa) yakiwa pamoja.

PCI Express iwekee 100 kwa mkono. Usiiache Auto, kwa sababu mbao nyingine zikiiona kloki inapanda nazo zinaipandisha. PCI iwe 33.33. Zima Spread Spectrum, ambayo huyumbisha kloki kidogo kwa makusudi. Zima C1E na EIST kwa muda, ili kasi unayoisoma isiwe inapandapanda na kushuka.

Sasa RAM. Tuseme una DDR2-800, ambayo kasi yake halisi ni 400. Kwa FSB ya 266 ubao unaifikisha hapo kwa uwiano wa 2:3. Ukiiacha kwa uwiano huo kisha ukaipeleka FSB 333, RAM inalazimishwa kukimbia 500, yaani DDR2-1000, na wala hukukusudia. Badili uwiano uwe 1:1. RAM itashuka hadi DDR2-533, na hilo lisikutishe. FSB ikifika 333 itakuwa DDR2-667, na ikifika 400 itarudi kwenye 800 yake. Nyakati za RAM (timings) na volteji yake ziandike kwa mkono kama zilivyo kwenye stika ya RAM yenyewe.

Nililipia somo hili. Mara ya kwanza niliirusha FSB hadi 333 nikiwa nimeusahau uwiano. Mashine iliwaka, Windows ikafunguka, joto 52, nikajiona fundi. Jioni nikahamisha folda ya picha kutoka diski moja kwenda nyingine. Nilipozifungua, karibu nusu yake zilikuwa na sura hadi katikati, kuanzia hapo kushuka chini ni mistari ya kijivu. Prosesa haikuwa na kosa lolote. RAM ndiyo ilikuwa ikikosea herufi moja hapa na moja pale, na kila ilichokosea kiliandikwa kwenye diski kama kilivyo.

Hatua ya 3: utafute mpaka wa ubao peke yake

Kizidishi kimefungwa kwenda juu tu. Kushuka kinashuka. Q6600 inakubali kuanzia 6 hadi 9, na hiyo ndiyo siri ya kumtenganisha mkosaji: weka kizidishi 6, upandishe FSB kwa hatua kubwa kidogo, 300, 333, 360, 400. Kwa 6 mara 400 prosesa ipo palepale 2400, haina taabu yoyote, kwa hiyo mashine ikianguka unajua ni ubao au RAM.

Kila hatua, iache iwake hadi Windows, endesha Prime95 kwa chaguo la Blend, linaloilemea RAM pia, kwa dakika kumi na tano. Ikikataa kuwaka mahali fulani, ongeza volteji ya northbridge (chipu ya ubao inayounganisha prosesa na RAM) hatua moja na ujaribu tena, huku ukigusa hitisinki yake: ikiwa huwezi kuacha kidole juu yake, weka feni ndogo. Prosesa za viini vinne za wakati ule zinaichosha FSB kuliko za viini viwili, maana ndani yake ni vipande viwili vinavyogombania njia moja. Mbao nyingine pia zina shimo: zinakataa 345, zinakubali 370. Usikate tamaa kwa namba moja.

Namba za kupendelea ni zile ambazo ubao ulitengenezwa uzijue. FSB ya 333 ni kasi ya kiwandani ya Core 2 zilizokuja baadaye, kwa hiyo ubao unaozikubali hizo hauoni ajabu yoyote ukiipata 333. Ni mchezo wa zamani: Celeron 300A ya mwaka 1998 ilipata sifa kwa sababu ilitoka 66 ikaruka hadi 100, na kwa namba zote mbili ubao uliweza kuigawa kloki ukapata 33 ileile ya PCI. Vyote vilivyobaki havikujua kama kuna kilichobadilika.

Hatua ya 4: sasa ipandishe prosesa

Rudisha kizidishi 9, FSB 266. Vcore iandike kwa mkono sawa na VID uliyoiona; ukiiacha Auto ubao utajimwagia volteji kuliko inavyohitajika. Panda kwa MHz 10 za FSB kila mara: 276, 286, 296. Kwa kizidishi 9 kila hatua ni MHz 90 za prosesa. Baada ya kila hatua, Small FFTs dakika kumi.

Itafika mahali kiini kimoja kinasimama. Dirisha lake kwenye Prime95 litaandika kosa lenye neno Rounding, vingine vitatu vinaendelea kama kawaida. Usiogope, hakuna kilichoungua. Volteji haitoshi tu kwa kasi hiyo. Ongeza Vcore hatua moja, ambayo kwa Core 2 ni volti 0.0125, urudie jaribio. Ukihitaji hatua nne au tano za volteji kwa MHz 90 tu, umefika ukutani. Rudi nyuma hatua moja ya kasi, ukae hapo.

Mipaka yangu kwa kipoza cha hewa: joto la kiini lisipite 70 chini ya Small FFTs, na Vcore inayosomwa na CPU-Z isipite 1.40. Soma ya CPU-Z, si ya BIOS, kwa sababu prosesa ikibeba mzigo volteji halisi hushuka chini ya uliyoiandika. Wapo wanaokwenda mbali zaidi. Wana prosesa za akiba.

Lengo la 333 mara 9, yaani 3000, Q6600 nyingi za toleo la G0 hulifikia kwa volteji yake ya kiwandani au juu kidogo. Hiyo ni robo nzima ya kasi. Kubana video kunafupika kwa kiasi kama hicho. Michezo ya kompyuta ni habari nyingine. Kama kadi ya picha ndiyo inayolemewa, hutaona lolote.

Hatua ya 5: jaribio refu

Dakika kumi zinachuja makosa makubwa tu. Ukishapata namba unayoitaka, rudia Memtest86+ mzunguko mzima, kisha Blend usiku kucha. Namna inavyoanguka ndiyo inayokuambia pa kushika. Small FFTs ikianguka upesi, Vcore. Small FFTs ikisimama imara lakini Blend ikaanguka baada ya saa mbili, RAM au northbridge. Mashine nzima ikiganda bila kosa lolote kuandikwa, kipanya hakisogei, saa imesimama, anza na northbridge. Ikijizima ghafla kama iliyochomolewa, tazama joto na pawa saplai.

Ikipita usiku mzima, washa tena C1E na EIST. Hapo usishtuke ukifungua CPU-Z na kukuta 2000: mashine imetulia, kizidishi kimeshuka hadi 6, na 6 mara 333 ndiyo hiyo. Ipe kazi, itarudi 3000. Kisha rudisha diski yako.

Kwa mashine ambayo BIOS yake haina kitu

Kompyuta za ofisini zilizounganishwa kiwandani mara nyingi hazikuonyeshi FSB kabisa. Kwa LGA775 kuna ujanja wa seloteti: prosesa huuambia ubao kloki yake kwa vigusio vinavyoitwa BSEL, na kimojawapo kikifunikwa kwa kipande kidogo cha utepe usiopitisha umeme, prosesa ya 266 hujitambulisha kama ya 333. Ramani ya vigusio imo kwenye karatasi za kiufundi za Intel za prosesa husika. Usikisie, na usikate kipande kikubwa kikagusa jirani. Inafaa tu kama chipuseti yenyewe inaijua 333, na hutakuwa na uwezo wa kugusa volteji, kwa hiyo kama chipu yako haiwezi 3000 kwa volteji ya kiwandani, bandua utepe.

Zipo pia programu kama SetFSB zinazobadili kloki ukiwa ndani ya Windows. Zinahitaji ujue namba ya chipu ya kloki iliyoandikwa kwa herufi ndogo juu ya ubao wenyewe, karibu na kikristali cha fedha. Ukichagua chipu isiyo yako, mashine inaganda papo hapo. Mashine ikizimwa kabisa na kuwashwa, kasi hurudi ya zamani, na kwa majaribio hiyo ni faida.

Ukimaliza, piga tena picha za kurasa za BIOS. Betri ya CR2032 ikichoka, mashine itaamka siku moja na kurudi 2400 bila kukuambia, nawe utakuwa umeshasahau kama volteji ilikuwa 1.2875 au 1.3000.